Kisu Kilichotupwa Chooni

Mayige alikufa kwa sababu ya tundu la kuchajia simu. Ndivyo watu wa kijiji chake, kilichoko kati ya Mwamanyili na Mkula, walivyozoea kumweleza mgeni, na mgeni akishangaa wanamwambia ndiyo, tundu la umeme tu, hakuna jingine.

Ilikuwa siku ya mnada. Mayige aliingia kibandani kwa fundi simu, akakuta matundu yote yamejaa, akachomoa simu ya Kulwa na kuchomeka yake. Kulwa alikuwa rafiki yake. Walichunga pamoja tangu wadogo na kuacha shule mwaka mmoja. Wakati huo Kulwa alikuwa amekaa nje ya kibanda anamenya muwa. Alipoingia na kukuta simu yake imelala mezani haina chaji, walirushiana maneno, wakasukumana, na kile kisu cha kukunja kilichokuwa kikimenya muwa kikaingia chini ya mbavu za Mayige. Waliokuwepo wanasema Kulwa hakukimbia. Alisimama palepale, maganda ya muwa miguuni, akiuliza, "Nimefanya nini? Jamani, nimefanya nini?" mpaka sungusungu walipokuja wakamfunga kamba.

Mama yake Mayige aliitwa Shida. Alikuwa mjane. Mumewe alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na aliyemlea kijana yule ni Bujiku, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye mji wake ulitenganishwa na wa Shida kwa shamba moja la choroko. Bujiku alikuwa na mabinti watupu. Mayige ndiye aliyefundishwa naye kukamua, kufunga nira, kushika plau mstari usipinde. Siku alipomkabidhi kamba ya maksai kwa mara ya kwanza alimpa pia kisu chake akinoe, akamwonyesha namna ya kulaza bapa juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anayepaka mafuta.

Maana Bujiku alikuwa mtu wa kisu. Alikinunua Bariadi dukani kwa Muksini, miaka mingi nyuma, alipokwenda kufuata dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mpini wake ulikuwa wa mti mweusi, na bapa lilikuwa limekwisha kuliwa na jiwe la kunolea hadi likawa jembamba kama jani la muhindi. Kilikaa mfuko wa kulia wa suruali, na suruali zake zote zilitoboka upande huo. Kwa kisu hicho alikata kamba, alifumua magunia ya dengu, alimenya chungwa akampa mtoto aliyekuwa analia, alichonga kwato za mbuzi, alitoa miiba nyayoni mwa watu. Ndama alipozaliwa malishoni, kitovu kilikatwa kwa kisu hicho baada ya kukipitisha kwenye moto wa kiberiti. Mwaka mmoja fahali la jirani lilikula choroko mbichi zenye umande, likavimba tumbo hadi likaanguka. Bujiku alipapasa ubavu wa kushoto, akachoma mara moja, upepo ukatoka kwa mlio, na fahali likainuka. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo. Kijijini kila mwanamume alikuwa na kisu mfukoni, na wanawake wengi walikuwa nacho kwenye pindo la kitenge.

Matanga yalipokwisha, kabla wageni hawajatawanyika, Shida alitoka ndani ameshika ungo mtupu. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya turubai wakinywa uji. Alipita mbele yao, akasimama kwa Bujiku.

"Shemeji," alisema, "sijawahi kukuomba kitu."

"Sema, shemeji."

"Weka kisu chako hapa."

Bujiku alimtazama usoni, akaona hakuna la kujadili. Alitia mkono mfukoni, akakitoa, akakiweka kwenye ungo. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila kutazamana. Shida aliubeba ungo kwa mikono miwili hadi nyuma ya nyumba, na waliokaa upande ule walisikia visu vikidondoka kwenye shimo la choo.

Kabula, mke wa Bujiku, alimwuliza walipokuwa wakirudi kwao, "Umemwachia kweli?"

"Mtu amezika mwanawe. Ningesemaje?"

Baada ya hapo jambo lilitoka mikononi mwa Shida. Mahona, kamanda wa sungusungu, aliitisha mkutano wa hadhara. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, akazungumza juu ya usalama wa raia. Mahona yeye alisema kwa kifupi: kuanzia siku ile, mtu yeyote atakayekutwa na kisu cha mfukoni mnadani, senta, njiani au kwenye mkusanyiko wowote, atatoa mbuzi. Mzee mmoja akauliza kuhusu mapanga. Mahona akasema panga ni kifaa cha kilimo, kila mtu analihitaji. Mzee akauliza tena kuhusu sime. Mahona akasema sime ni ya ulinzi. Watu wakacheka kidogo, lakini Shida alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye mkeka, na kicheko kikafa. Aliyewaambia wanaokubali wanyooshe mikono ni mtendaji. Bujiku aliunyoosha wa kwake, na ulikuwa juu kuliko wote, kwa kuwa alikuwa mrefu.

Msimu ule wa kilimo alijifunza mambo ambayo hakuwahi kuyafikiri. Alijifunza kukata kamba ya katani kwa kuisugua juu ya jiwe. Alijifunza kufungua gunia kwa meno, na jino moja la mbele likaanza kucheza. Mwiba ulipomwingia chini ya kidole malishoni, alichechemea nao mpaka nyumbani, kidole kikawa kimeshavimba. Kabula alimkuta mara mbili akichukua kisu cha jikoni.

"Mboga nitakatia nini?"

"Nitakirudisha."

"Na Mahona akikushika nacho?"

Mahona alimshika nacho. Bujiku alikwenda gulioni kununua chumvi ya mifugo, akasahau kwamba kisu cha jikoni kilikuwa ndani ya koti, kimeviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Vijana wa sungusungu walimpekua mbele ya watu ambao wote aliwazidi umri. Alitoa mbuzi. Jioni, alipopita hapo akirudi nyumbani, aliona kwenye benchi la Mahona vijana walewale wakila nyama choma, kila mmoja akikata finyango yake kwa kisu cha kukunja. Vilikuwa visu vilivyokamatwa kwa watu. Nani angemsikiliza, naye mkono wake ulikuwa juu kuliko yote?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Shida alisikia habari hiyo, na kwa muda hakumletea tena maziwa ya mgando kama ilivyokuwa desturi yake. Alipokutana naye kisimani alimwamkia, "Mwangaluka," kama anavyoamkiwa mpita njia, akapita na ndoo yake.

Kesi ya Kulwa ilipangwa kusikilizwa Bariadi wakati wa kuvuna pamba. Shida na Bujiku waliitwa wote wawili kutoa ushahidi. Asubuhi hiyo Paschal, dereva wa bodaboda wa pale kijijini, aliwachukua awafikishe barabara ya lami wapande basi. Shida alikaa katikati, kiupande, kama wanawake wa umri wake wanavyokaa. Alivaa kitenge alichoshonewa kwa ajili ya mazishi. Vumbi lilikuwa jingi, kwa hiyo alijizungushia mtandio kichwani na shingoni, akaufunga fundo. Bujiku alikaa nyuma kabisa. Njia nzima hawakusemeshana, ila walipolipita eneo la mnada Shida aliuliza, "Nikimwona nitamwambia nini?"

"Hutamwambia yeye. Utamwambia hakimu."

"Alikuwa anakula kwangu, huyu Kulwa."

"Najua."

Ncha ya mtandio ilikuwa imelegea mgongoni kwake. Bujiku hakuiona iliposhuka. Alichoona ni Shida kuvutwa ghafla kwenda chini, kama mtu aliyeitwa na ardhi, kisha pikipiki ikayumba na wote wakaanguka.

Bujiku aliinuka wa kwanza. Paschal alikuwa amechubuka magoti tu. Lakini Shida hakuinuka. Mtandio ulikuwa umeingia kwenye mnyororo na kujiviringisha kwenye meno ya gurudumu la nyuma, ukamvuta hadi shavu lake likagusa spoku, na fundo lilikuwa limezama shingoni hata halionekani. Macho yake yalikuwa wazi. Mikono yake ilikuwa inakwaruza nguo.

Mkono wa Bujiku ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa kulia. Ukatoka mtupu.

"Kisu, mzee!" Paschal alikuwa anahangaika kulizungusha gurudumu kinyumenyume, nalo halizunguki, mnyororo ulikuwa umetoka na kukwama. "Una kisu?"

"Sina. Wewe?"

"Nimeacha nyumbani. Leo si ni mnada, wanapekua."

Bujiku alipiga magoti akaingiza vidole chini ya nguo. Havikuingia. Mtandio ule ulikuwa wa nailoni, haukuchanika. Aliuma. Aliuma kama mbwa, lile jino lililokuwa likicheza likang'oka, akalitema na kuendelea kuuma. Paschal alifungua kiboksi cha vifaa chini ya kiti: spana, bisibisi, kipande cha waya. Alijaribu bisibisi, ikatoboa nguo tundu dogo na kuishia hapo. Kisha akaacha kila kitu, akakimbilia shamba la pamba ng'ambo ya njia akipiga mayowe.

Bujiku alibaki peke yake na shemeji yake. Aliokota jiwe lenye ncha akasugua. Uso wa Shida ulikuwa umebadilika rangi, na mikono yake ilikuwa imeacha kukwaruza. Alimwambia, "Mayu, subiri. Subiri, mayu, wanakuja," na alijua kwamba neno hilo la mama hakuwahi kumwita kabla.

Paschal alirudi na mvunaji mmoja mwenye panga. Panga lilikuwa la kukatia miti, zito, butu upande mmoja. Mvunaji alipoona pale linapotakiwa kupita alirudi nyuma. "Mimi siwezi," alisema. Bujiku akalichukua. Kati ya gurudumu na shingo palikuwa na nafasi isiyozidi upana wa vidole viwili. Alilishika kwenye bapa, si kwenye mpini, akalisukuma na kulivuta kama msumeno, na kiganja chake mwenyewe kikakatika. Nguo ilianza kuachia uzi kwa uzi. Uzi wa mwisho ulipoachia ghafla, panga liliteleza, likamchana Shida kuanzia chini ya sikio hadi begani.

Akavuta pumzi. Ilikuwa sauti mbaya, kama mlango wa bati unaoburuzwa, lakini ilikuwa pumzi.

Bariadi hawakufika. Walimpeleka hospitali, akalazwa mpaka pamba yote ikaisha mashambani. Daktari alimweleza Bujiku kwamba kitu kooni kilivunjika kwa kubanwa muda mrefu. Kidonda cha panga kingepona. Sauti haingerudi.

"Mngeikata mapema," daktari alisema, "ingekuwa habari nyingine."

"Ndiyo," Bujiku akajibu.

Kijijini habari zilitangulia zikiwa zimepinda. Mahona alimwita. Hakumkaribisha kiti.

"Kuna watu wanasema ulimkata shemeji yako kwa panga."

"Ni kweli. Nilimkata."

"Eleza vizuri, mzee wangu. Watu waliona damu."

"Paschal alikuwepo. Mwenye panga alikuwepo. Wewe unachotaka kusikia ni nini?" Bujiku alinyoosha kiganja chake kilichoshonwa. "Hili ndilo panga ulilosema kila mtu analihitaji. Lihitaji na wewe, ukate nalo uzi shingoni kwa mama yako, halafu uje uniulize."

Mahona akasema suala hilo litapelekwa mkutanoni. Na kweli lilipelekwa. Watu walizungumza sana siku hiyo. Wengine walisema sheria ya visu ilegezwe, wengine wakasema damu ya Mayige bado mbichi. Mwishowe mtu mmoja akatoa hoja kwamba tatizo halikuwa kisu, tatizo lilikuwa mtandio, na kwamba wanawake wakatazwe kupanda bodaboda wakiwa wamejifunga mitandio. Hoja ikapokelewa vizuri. Walipoanza kunyoosha mikono Bujiku alisimama, akakung'uta suruali yake, akaondoka.

Wiki hiyohiyo alipanda basi kwenda Bariadi. Duka la Muksini lilikuwa limehamia jengo jipya karibu na stendi, na Muksini mwenyewe alikuwa amezeeka, anauza akiwa amekaa.

"Visu vya kukunja ninavyo," alisema, "lakini siku hizi watu wa kwenu hawanunui. Nasikia mmevikataza."

"Tumevikataza."

"Sasa hiki unapeleka wapi?"

"Mfukoni kwangu."

Muksini alimchagulia chenye mpini wa plastiki ya kijani. Alikijaribu kwenye kamba ya mzigo, akaridhika, akakitia mfukoni. Ndani ya basi alikaa dirishani akiwa na mkono juu ya mfuko. Hakuona furaha yoyote.

Shida alikuwa amekwisha ruhusiwa. Kabula alikwenda kwake kila siku kumpikia uji mwepesi, maana vyakula vigumu havikupita. Siku ya pili baada ya kutoka Bariadi Bujiku naye alikwenda, amebeba mapapai mawili. Alimkuta Shida amekaa kwenye mkeka ukutani, shingo imefungwa bendeji. Alimsalimia, akakaa kwenye kigoda. Waliongea habari za mvua na bei ya choroko. Shida aliongea kwa mnong'ono, na kila neno lilimgharimu.

Kisha, bila kufikiri, kwa kuwa mapapai yalikuwapo na mgonjwa yupo, Bujiku alitoa kisu akakikunjua, akaanza kumenya.

Shida hakupiga kelele, na hata angetaka asingeweza. Aliinuka kwa kushika ukuta, akasogea hadi mlangoni kwake, akasimama ndani kizani.

"Kiondoe," alinong'ona.

Bujiku alikaa na papai mkononi. "Shemeji. Siku ile ningekuwa nacho, ungekuwa unaongea sasa hivi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa pale chini. Nilikuona unauma nguo." Alipumzika apate pumzi. "Mimi kingeniokoa. Mayige kilimuua. Unataka niseme nini?"

"Sikumuua mimi."

"Sijasema wewe. Nasema ukikikunjua, namwona."

"Na mimi nikiingiza mkono mfukoni nikakosa, nakuona wewe. Umekaa pale kwenye gurudumu. Kila siku nakuona."

Kuku waliingia uani wakaanza kudonoa maganda ya papai. Bujiku alitaka kusema kwamba kijana alikuwa wa kwake pia, kwamba alimlea, kwamba hakuna aliyemletea yeye ungo wa kutupia chochote. Hakulisema hilo. Alikunja kisu.

"Ukija hapa, kiache kwako," Shida alisema. "Au usije."

"Nilikiacha mara moja, shemeji. Sitakiacha tena."

"Basi."

Aliyaacha mapapai juu ya kigoda, moja likiwa limemenywa nusu, akatoka.

Tangu siku hiyo Kabula ndiye aliyekwenda na kurudi. Mahona alisikia kwamba Bujiku anatembea na kisu, akatuma vijana wakamtoze. Bujiku alitoa mbuzi, kisha akaenda kununua kisu kingine, na walipokikamata hicho nacho akatoa mbuzi tena. Mabinti zake walikuja kutoka kwa waume zao kumsihi. Walimwambia zizi linakwisha kwa ajili ya chuma kinachouzwa bei ya soda. Aliwasikiliza, akawapa maziwa, akawasindikiza. Watu wakaanza kusema kifo cha kijana kimemgusa kichwa. Mwishowe vijana wa sungusungu walichoka naye, au walimwonea haya, wakawa wakimwona wanatazama pembeni.

Hukumu ya Kulwa ilitolewa mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Kesi ilikuwa imeahirishwa kumsubiri Shida apone, naye akatoa ushahidi wake kwa mnong'ono, na mahakama yote ililazimika kunyamaza ili asikike, lakini hukumu hakwenda kuisikiliza. Kulwa alipewa miaka mingi jela, si kunyongwa, kwa kuwa ilionekana hakukusudia. Bujiku alikuwa mahakamani. Kulwa alipotolewa alimtazama na kusema, "Baba mkubwa," kama alivyokuwa akimwita zamani kwa kumuigiza Mayige. Bujiku aligeuza uso.

Alirudi kijijini jioni, jua bado lipo. Kabula hakuwa nyumbani, alikuwa shambani anapanda, na habari kama ile isingefaa kufikishwa na mtoto wa jirani. Akavuka shamba la choroko mpaka kwenye ua wa minyaa wa Shida. Hapo akasimama, kisu kikiwa mfukoni. Shida alikuwa uani, amekaa na ungo anapembua mbegu. Alimwona. Hakumwambia karibu, wala hakumwambia ondoka.

"Mwadila, shemeji," Bujiku alisema kutoka nje ya ua.

Alijibu kwa kichwa.

"Amefungwa. Miaka mingi. Hawakumnyonga."

Shida aliendelea kupembua. Alitoa jiwe dogo kwenye mbegu, akalitupa.

"Mama yake alikuwepo?" aliuliza. Ilibidi Bujiku aegemee minyaa ili amsikie.

"Alikuwepo. Alianguka, wakamtoa nje."

"Haya."

Bujiku alingoja. Utomvu wa minyaa ulikuwa umemchafua mkono wa shati, akaufuta, ukazidi kusambaa. Alipoona Shida amebeba ungo wake na kuingia ndani, aligeuka akarudi alikotoka, akikanyaga kati ya mistari ya choroko zilizokuwa zinaanza kuchipua.